Benchi la Jumanne

Teresia hakuanguka kwa kishindo. Aliinama polepole upande wa kushoto mpaka kichwa chake kikalala kwenye bega la Mzee Kailemia, na Kailemia, mtu wa heshima zake, mzee wa kanisa, akakaa wima akitazama mbele, asijue afanye nini na kichwa cha mke wa mtu. Watu wa benchi wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mama Teresia, hapa si kwako." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na Nyamu, mgeni wetu kutoka Embu, tukizungumza habari za rekodi, na kusema kweli nilitaka kucheka pia. Halafu nikaona midomo yake. Ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Nilitupa faili nikamkimbilia. Tulimlaza sakafuni, nesi wangu Wambura akainua miguu yake juu ya kigoda, nikamfunga mkanda wa mashine ya presha. Mashine ikavuta, ikashindwa kusoma, ikavuta tena. Sabini na sita kwa arobaini. Wiki nne kabla ya hapo mama huyu huyu, mwenye miaka sitini na nane na wajukuu kumi na watatu, alikuwa na mia moja ishirini na mbili kwa sabini na nane, presha ya msichana wa shule.

"Mama, umekunywa nini?"

Alifungua macho. Hakunitazama mimi, alitazama benchi. "Ni baridi tu, Daktari," akasema.

Baridi! Nikageuka. Watu kumi na mmoja, wote kwa pamoja, walikuwa wanatazama viatu vyao.

Naona nieleze kwanza watu hawa ni nani, maana bila hivyo mtadhani nilikuwa na kliniki ya wendawazimu.

Kliniki yangu iko juu kidogo ya Nkubu, kwenye barabara inayopanda kuelekea mashamba ya majani chai. Kwa miaka kumi na minne nilijulikana huko kama Kiende wa sindano. Mtu akija na mafua, alitaka sindano. Akija na mgongo uliochoka kwa kubeba kikapu cha majani, alitaka sindano, na ikiwezekana awekewe na maji ya dripu, alale saa mbili kwenye kitanda safi, aamke akisema amepona. Usipomdunga, alikwenda sokoni akatangaza kwamba daktari amemwongelesha tu. Nami nilidunga. Nilijua wengi wao hawakuhitaji chochote zaidi ya usingizi na chumvi kidogo kwenye chakula badala ya kiganja kizima, lakini nilidunga, kwa sababu kila sindano ilikuwa na bei yake na maneno yangu hayakuwa na bei. Nilizeeka nikiwa hodari wa kutafuta mishipa.

Kwa hiyo serikali ilipoleta ule Mpango wake mpya, sikujiunga kwa uzalendo. Nilijiunga kwa uchovu. Tuliitwa Embu kwa semina ya siku tano, madaktari wa kila aina, na wengi tulikwenda kwa ajili ya chakula cha mchana. Tukaambiwa kwamba daktari atakayejiunga hatalipwa tena kwa idadi ya watu aliowadunga, ila kwa idadi ya watu walio na afya. Kila mmoja atapewa orodha yake ya wagonjwa wa presha na sukari, kompyuta, nesi mmoja ambaye mshahara wake utatoka huko huko, na mshauri wa kumtembelea kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja kutakuwa na ukaguzi. Kliniki ambayo presha za wagonjwa wake hazijashuka inatoka, inaingia nyingine.

Daktari mmoja nyuma yangu aliguna, "Sasa mtu akikataa kupona, nimfunge kamba?" Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyolala usiku bila kujidanganya.

Mshauri wangu alikuwa huyo Nyamu, aliyewahi kuendesha zahanati huko Manyatta, mtu wa sauti ya chini ambaye hata akikugombeza unadhani anakupa pole. Nesi niliyepewa ni Wambura, mwanamke wa Mbeere, mrefu, mama wa watoto wawili, aliyekuwa ametafuta kazi miaka mitatu bila kupata. Siku ya kwanza alipofika alifagia kliniki yote kabla hajaulizwa jina.

Miezi minne ya kwanza nilikuwa na mapumziko mazuri sana, maana wateja walinihama. Chini sokoni kulikuwa na kijana aliyefungua kliniki akidunga kama cherehani, wakaenda kwake. Waliobaki ni wale wa orodha, na kati ya hao, kundi moja lilizoea kuja Jumanne, kwa kuwa Jumanne si siku ya kupima majani kituoni. Walikuwa kumi na wawili. Teresia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Hakuna aliyemchagua, alikaa tu mwanzo wa benchi, basi akawa mwenyekiti. Aliamua nani aingie kwanza, aliwakemea waliochelewa, na mtu akianza kulalamika kwamba hapa hawadungi, alimwambia, "Si ukashonwe huko chini!"

Na presha zikaanza kushuka. Jamani, mnajua raha ya kuona namba zikishuka? Mwezi wa sita nusu ya benchi ilikuwa sawa. Mwezi wa nane, watu wanane. Mwezi wa tisa, kumi. Nilichapisha karatasi ya mchoro wake, mstari mwekundu ukiteremka kama njia ya kwenda mtoni, nikaibandika ukutani, nikaitembeza kwa kila mtu. Niliipeleka hata kwa dada yangu anayekaa Kinoru, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hakuonyesha furaha ya kutosha, tukakosana kidogo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Jumanne moja, nikiwa na furaha zangu, nilisimama mbele ya benchi nikasema, "Sasa nisikilizeni. Presha zenu ndizo mtihani wangu. Mwezi wa kumi watakuja kunisahihisha. Zikiwa chini, nimepita. Zikiwa juu nimefeli, na Wambura anarudi kwao Mbeere." Nilisema kwa mzaha. Wambura mwenyewe alicheka.

Lakini kwetu mtihani si jambo la mzaha. Mtoto wa huku akiwa na mtihani haendi nao peke yake. Kila mwezi wa kumi makanisa yana Jumapili ya kuwaombea watahiniwa. Wanaitwa mbele na sare zao, wazazi wanawawekea mikono, kalamu zinaombewa moja moja, na wasio na mtoto wanaleta mandazi. Mtu akipita, kijiji kimepita. Akifeli, watu wanasalimiana kwa sauti ndogo wiki nzima. Mimi nimezaliwa humo humo, nikaombewa humo humo, na bado sikufikiria nimewaambia nini wazee wale.

Basi turudi sakafuni.

Nilikuwa nimekwisha kutafuta mshipa na kumwekea Teresia dripu, ya kwanza niliyoitundika kwa mwaka mzima yenye sababu, Mzee Kailemia alipovua kofia.

"Daktari, usimkasirikie," akasema. "Tumekunywa wote."

"Mmekunywa nini wote?"

"Dawa. Jumapili tulikuombea pamoja na watoto wa kidato cha nne. Wewe ulikuwa umeenda Embu. Baada ya maombi tukaona si vizuri kuomba tu halafu tukae. Tukakubaliana leo asubuhi kila mtu ameze za siku tatu, ziingie na nguvu, upite."

"Na yeye?"

"Yeye alisema ni mwenyekiti. Akameza za siku tano."

Ala! Hasira zangu huwa haziko mbali, na siku hiyo zilikuwa pale pale mdomoni. Niliwafokea wazee wa watu kama watoto wa chekechea. Niliwauliza kama wanataka kunizika au wanataka niwazike. Halafu nikawalaza wote. Chumba hakikutosha, kwa hiyo walilala nje kwenye nyasi, juu ya mikeka na makoti yao, miguu juu ya benchi lao wenyewe, wazee kumi na mmoja wakitazama mawingu, na Wambura akipita katikati yao na mashine na birika la uji wenye chumvi. Mtu mmoja alianza wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Nilimwambia anyamaze. Nyamu alikuwa amevua koti lake akaliweka chini ya kichwa cha bibi mmoja, na alikuwa amepiga magoti akimhesabia mapigo ya moyo.

Gari la wagonjwa lilikuja likamchukua Teresia. Presha yake ilikuwa imepanda hadi tisini, na kabla hawajafunga mlango aliniuliza kama wale wengine wamepimwa, na kama wako chini. Nikamwambia, mama, wako chini mpaka nyasini.

Ni baada ya gari kuondoka ndipo nilipotulia kiasi cha kuwaza, na wazo lililonijia lilinikalisha kwenye ngazi.

"Mzee Kailemia," nikamwita. "Mimi nawapa dawa za siku thelathini. Siku thelathini zikiisha mnakuja. Hizo za ziada mlizomeza leo, mmetoa wapi?"

Yule wa wimbo akavuta koti usoni.

"Dawa ziko mingi, Daktari," Kailemia akasema.

"Zimekuwaje nyingi?"

Bibi aliyelalia koti la Nyamu akavuta kikapu chake, akatoa mkebe wa mafuta ya kupikia, akaniinulia bila kuketi. Nilifungua. Ulikuwa umejaa tembe hadi juu, za miezi. Nikauliza benchi zima, mmoja mmoja, na safari hii sikufoka. Wawili walikuwa wakimeza kila siku. Waliobaki walimeza siku mbili tatu kabla ya kliniki, ili daktari asikasirike, na siku nyingine wakaacha. Mstari wangu mwekundu ulikuwa mstari wa Jumanne tu. Tangu Jumatano hadi mwisho wa mwezi watu wangu walikuwa wanatembea na presha za kupasua mishipa ya kichwa, na mimi nikitembeza karatasi Kinoru.

Nyamu alikuwa amesikia yote. Alikuja akaketi ngazini karibu nami, kompyuta yake magotini. Ukaguzi wa mwaka ulikuwa siku ile ile, kwa takwimu za miezi mitatu, na takwimu za miezi mitatu zilikuwa tayari ndani ya mashine, nzuri, zimekamilika. Hakuna mtu Embu ambaye angejua kuhusu mkebe.

"Daktari, nimekuja kuchukua namba," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Niambie nichukue zipi."

Nilimchukia kwa muda wa dakika nzima kwa kuniachia mimi uamuzi.

Nilizunguka nyuma ya kliniki. Wambura alikuwa huko kwenye tangi la maji akiosha vikombe vya uji. Mwaka ule ndio aliokuwa amewahamishia watoto wake shule ya Nkubu. Nilitaka kumwelezea taratibu, nikaanza, "Unajua, zile namba..." Akanikata.

"Nimesikia, Daktari." Aliendelea kusugua kikombe ambacho kilikuwa safi. "Kwetu kuna nyumba na kuna shamba. Nikirudi, nitakuwa nimerudi. Lakini Mama Teresia leo angekuwa mochari, na karatasi yako ingesema amepona."

Nilirudi mbele. Nilimwambia Nyamu aandike kwamba hatujui. Akasema fomu haina nafasi ya hatujui. Basi, nikasema, andika tumefeli. Aliandika. Nilibandua ule mchoro ukutani na ukatoka na rangi ya ukuta, maana nilikuwa nimeupaka gundi nyingi.

Siku ya pili nilikwenda hospitalini. Teresia alikuwa amekaa kitandani na kilemba chake, ameshawajua wagonjwa wote wa wadi kwa majina. Nilimpa pole, nikampa ndizi, nikaketi. Nilimuuliza swali ambalo kwa mwaka mzima, na kompyuta yangu na semina yangu, sikuwahi kumuuliza.

"Mama, dawa inakusumbua nini?"

Alitazama kando. Alikuwa na aibu, mwanamke yule aliyewatisha wazee wa kanisa. "Ile ndogo nyeupe inanikojoza," akasema. "Nikimeza asubuhi, kwa saa moja ninatoka mara nne. Sasa mimi niko kwa majani chai, nimefunga kikapu mgongoni, wanaume wanapita njiani. Niende wapi? Nikitoka kwa mstari nikirudi, wenzangu wameniacha nyuma. Hata wale wengine ni hivyo hivyo. Siku isiyo ya majani, au kliniki ikikaribia, tunameza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa na furaha sana na ile karatasi yako."

Nimesoma udaktari miaka sita. Nimesimamishwa mbele ya maprofesa nikaulizwa maswali nisiyoyajua. Sijawahi kuona haya kama nilivyoona pale kando ya kitanda, na ganda la ndizi mkononi. Niliona haya, na papo hapo, ajabu, nikafurahi, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kidogo. Dawa inayokojoza hubadilishwa. Kuna nyingine isiyokojoza. Ilikuwa kwenye kabati langu siku zote, rafu ya pili.

Barua ya Embu ilikuja baada ya wiki tatu. Ilisema, kwa Kiswahili cha ofisi, kwamba kliniki haikufikia kiwango. Nilisoma hapo nikakaa. Wambura akaichukua mkononi mwangu akageuza upande wa pili, maana watu wa maisha magumu husoma barua mpaka mwisho. Nyamu alikuwa ameambatanisha maelezo yake, kurasa mbili, na wakubwa walikuwa wameyasoma. Tulipewa miezi sita zaidi. Wambura abaki. Na tungeletewa mashine tatu ndogo za presha za kutembea nazo, ili watu wapimwe huko waliko, siku wasiyoitarajia, na namba za namna hiyo tu ndizo zihesabiwe. Wambura aliikunja barua akaenda kuchemsha chai, nikamsikia akiimba jikoni kwa Kimbeere. Nililia kidogo. Sioni kwa nini nifiche.

Miezi ile sita ilikuwa kazi, lakini sijawahi kufanya kazi tamu kama ile. Tulipanda kwenye majani chai na viatu vya gambuti, mimi na Wambura kwa zamu. Nilimpima mtu akiwa ameketi juu ya kreti, vidole vimekwisha kuwa vyeusi kwa utomvu, na nilijifunza kuuliza. Mzee Kailemia alikuwa anamgawia mke wake dawa zake kwa mapenzi. Bibi wa mkebe alikuwa anaogopa zikiisha sitampa nyingine. Wengine walikuwa juu, wengine wakashuka, wakapanda tena. Hakukuwa na mstari mzuri wa kubandika popote. Chini sokoni yule kijana aliendelea kudunga, na watu waliniambia nimekuwa daktari wa kutembeatembea kama muuza mboga. Nikawajibu kwamba mboga pia ni dawa, wakacheka, wawili wakarudi.

Jumanne ya mwisho kabla ya ukaguzi wa pili, mwezi wa nne, Nyamu alikuja na kompyuta yake. Tulikuwa tumehesabu; tulikaribia kiwango, tukibakiza mtu mmoja tu awe chini ndipo tupite. Tulipanda naye, mimi na Wambura, mpaka kwa Teresia bila kumwambia. Tulimkuta anachagua maharagwe uani. Alitukaribisha, akafuta kiti kwa upande wa leso, akaukunja mkono wa sweta mwenyewe. Halafu kabla sijamfunga mkanda, akaushika.

"Ngoja nikuambie kwanza," akasema. "Sijameza tangu Ijumaa. Tulienda harusi ya mjukuu, nikaacha dawa nyumbani, na niliporudi nikasahau jana. Leo asubuhi nimekumbuka, nikaona ninyi mnapanda huko chini kwenye kona. Ningeweza kumeza haraka." Akanitazama usoni. "Sikumeza."

Mashine ilivuta. Mia moja sitini na nane kwa mia moja.

Nyamu alifungua kompyuta yake. Wambura alikuwa na kalamu mkononi, na kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Watoto wake walikuwa shuleni wakati huo, pale chini, na tuliisikia kengele yao ikilia.

"Nimekuharibia, Daktari?" Teresia akauliza.

Wambura hakuningoja nijibu. Aliandika namba ile, kubwa, akaipigia mstari, akamsogezea Nyamu karatasi. Kisha akaketi chini kando ya Teresia, akavuta sinia la maharagwe, na kuanza kuchagua.